SOMO: DAUDI WA WALES, ASKOFU WA MAMBO MADOGO

Kusoma: Luka 16:10, 1 Wakorinto 15:10



Wengi wetu tunauliza: mtumishi wa Mungu anajulikana kwa nini? Kwa maajabu? Tujifunze juu ya Daudi, askofu wa karne ya 6 kule Wales, inchi ya milima upande wa magharibi wa Uingereza. Maisha yake yaliandikwa na Rhygyfarch, mtoto wa askofu Sulien, karibu na mwaka 1095. Miaka 500 ilikuwa imekwisha kupita. Tunayosoma ni ushuhuda uliopokelewa toka kwa wazee.

1. Kazi yake

Kwa Daudi watawa hawakulima na ngombe. Walijitia nira mabegani, wakavuta jembe wao wenyewe. Walikula mkate na mboga na chumvi. Mtu akisema "kitabu changu" alipewa azabu, sababu vitu vyote vilikuwa vya wote.

2. Neno lake

Wakubwa wa kanisa walikusanyika Brefi juu ya mafundisho ya Pelagio, kwamba mtu anaweza kushika amri za Mungu kwa nguvu zake mwenyewe. Wahubiri walipanda juu ya fungu la nguo, lakini sauti haikufikia watu wote. Daudi hakutaka kwenda, mpaka wakamwita tena na tena. Alipofika alikataa kupanda fungu lile. Akahubiri akisimama chini, na habari inasema udongo uliinuka chini ya miguu yake ukawa kilima, na wote wakasikia.

Tuangalie vizuri. Mtu aliyevuta jembe kwa mabega yake ndiye aliyekataa fundisho kwamba nguvu zetu zinatosha. Alitumika sana, lakini alitegemea neema. Nasi je? Tunagombania kiti cha mbele na kutafuta maono, lakini siku ya salongo katika shamba la kanisa, tunafika wangapi? Na tukifika, hatujisifu?

3. Mwisho wake

Mbele ya kufa aliwaagiza watu wake wawe na furaha, washike imani, na watende mambo madogo waliyoyaona kwake. Anakumbukwa tarehe 1 Machi.

Maulizo

a) Ni jambo gani dogo tulilolidharau juma hili?
b) Ni kitu gani tunachokiita "changu", na ndugu anakihitaji?

Amani ya Bwana ikae nasi sote. Amina.