Ukoka chini ya mwembe

*Nilipanda ukoka mbele ya nyumba. Penye jua umetanda vizuri, ila chini ya mwembe ni vipara vitupu. Namwagilia kila jioni, mbolea nimeweka, lakini wapi! Nifanyeje? – Mama K., Kigamboni*

Mama K., usihangaike na mbolea. Kama penye jua umestawi, udongo wako ni mzima. Kinachoua ukoka ni kivuli. Unataka jua kali kwa saa sita hivi kwa siku. Ukilikosa hurefuka, hukonda, kisha hufa. Maji ya jioni nayo huyalaza majani yakiwa mabichi, ukungu ukaingia.

Punguza matawi ya chini. Mwagilia asubuhi, mara mbili kwa wiki, maji yazame hasa. Kivulini panda majani ya Pemba, yale ya jani pana, yanayovumilia kivuli. Masika yakianza, chomeka vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, kimoja kikae ardhini. Usiyafyeke chini ya sentimita 5. Karibu na shina usipande kitu.

Vipara vikienea hadi penye jua, na nyasi ukizivuta zinang'oka bila mizizi, shuku funza wa ardhini. Hapo mwite bwana shamba kabla hujanunua dawa.