Kitabu, Tableti na Mtoto wa Shule ya Msingi

Leo sizungumzii presha wala kisukari. Nataka tuwaangalie watoto wetu wadogo, wale wa miaka mitano mpaka minane, kile kitabu kinachokuja nyumbani ndani ya mkoba wa shule, na hiyo tableti inayowalea wakati sisi tumelala baada ya zamu ya usiku. Msiseme muuguzi kaacha kazi yake kaingilia ya walimu. Usingizi, macho na hofu ya mtoto, yote hayo ni afya.

Nianze na yaliyonikuta. Nilisomea uuguzi nyumbani, nikaja kusoma tena hapa London, na kwa miaka mingi nilifanya kazi usiku. Mwanangu alipokuwa na miaka saba alipenda mchezo mmoja wa kwenye intaneti ambao wachezaji wanaandikiana. Mtu aliyejifanya mtoto mwenzake akamuuliza anasoma shule gani, halafu akamwomba picha. Namshukuru Mungu hakutuma. Lakini alikaa na jambo hilo wiki mbili kimya, akaanza kukojoa kitandani. Mimi muuguzi mzima nikampima mkojo nikidhani ana maambukizi!

Alikuja kusema siku tumekaa tunasoma kitabu cha shule, macho yake yako kwenye picha, siyo kwangu. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akajibu: "Mama, ulisema nikifanya ujinga utaninyang'anya tableti." Ujinga haukuwa wake. Vitisho vilikuwa vyangu.

Kwa hiyo zile dakika kumi za kitabu zina kazi mbili. Mtoto anajifunza kusoma, na pia anapata mahali pa kusemea. Mtoto mdogo ukimkalia uso kwa uso na kumhoji, anafunga mdomo. Ukiwa ubavuni kwake, mnatazama kitu kimoja, maneno yanatoka yenyewe.

Najua wengine mnaona aibu kwa sababu Kiingereza chenu hakijanyooka. Acheni aibu. Shule za hapa zinafundisha kusoma kwa sauti za herufi, wanaita fonikisi, siyo kwa majina ya herufi. Sisi tuliofundishwa ba, be, bi, bo, bu tunaujua mtindo huo vizuri, ingawa sauti za Kiingereza zina ukorofi wake. Basi usimkaririshe "ei, bi, si" tu, mwulize kila herufi inalia vipi. Na akileta karatasi yenye maneno yasiyo na maana, usidhani mwalimu kachanganyikiwa. Mwezi Juni watoto wa mwaka wa kwanza hapa England wanapimwa kwa maneno 40, na 20 kati yake ni ya kubuni, ili ionekane kama mtoto anasoma kweli au amekariri.

Akimaliza ukurasa, mwambie akusimulie kwa Kiswahili. Kiswahili hakimharibii Kiingereza chake, msidanganywe. Hadithi za bure za Kiswahili zipo kwenye tovuti ya African Storybook, unaweza kuzichapa. Na bibi yake aliyeko Tanga asiachwe nyuma: saa kumi na nusu jioni hapa, wakati wa baridi, kule ni saa moja na nusu usiku, keshaswali, kakaa. Mpigieni kwa WhatsApp, mjukuu amsomee ukurasa mmoja, naye bibi atoe hadithi yake. Baba naye asome, jamani. Mtoto wa kiume akiona kitabu kiko mikononi mwa mama tu, ataona ni kazi ya wanawake.

Maktaba za mtaa ni bure kujiunga. Kila likizo ya kiangazi, tangu 1999, zina Summer Reading Challenge kwa watoto wa miaka 4 hadi 11. Ni bure, na ni nafuu kuliko kumfungia ndani na tableti wiki sita.

Sasa tableti yenyewe. Isilale chumbani kwa mtoto, ichajiwe sebuleni au jikoni. Zima sehemu ya kuandikiana na wageni kwenye michezo yake, ukishindwa omba kijana wa jirani akusaidie. Uingereza ilitunga Sheria ya Usalama wa Mtandaoni mwaka 2023, na tangu Julai 2025 makampuni yanatakiwa kuwakinga watoto, Ofcom ikisimamia. Ni jambo jema, ila Ofcom haikai sebuleni kwako. Mwambie mtoto kwa maneno haya haya: "Ukiona kitu kibaya, niambie, sitakunyang'anya." Halafu utimize.

Na sisi wakubwa je? Kila Septemba naona picha za watoto na sare mpya, nembo ya shule inasomeka, zimetupwa Facebook na kwenye magrupu ya watu mia mbili. Yule mgeni aliyemuuliza mwanangu shule yake asingehitaji hata kuuliza.

Mtoto akikwepa kitabu, kabla hujamwita mvivu mpeleke akapimwe macho. Chini ya miaka 16 kipimo kinalipiwa na NHS.

Mtu akimsumbua mtoto wako mtandaoni usifute ujumbe, upige picha, kisha toa taarifa CEOP kupitia tovuti yao, au piga 999 kama hatari ni ya saa hiyo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga Childline bure, 0800 1111. Bandikeni namba hiyo kwenye friji.