Kufundisha Somo la Chumvi Itokayo Chini: Ngano katika Bonde la Mto Indus

Somo la kilimo cha umwagiliaji katika bonde la mto Indus, nchini Pakistan, huonekana jepesi katika andalio la somo. Mwalimu huchora mto na mifereji ubaoni, hutaja ngano, mpunga na pamba, kisha huongeza mstari mmoja: tatizo ni chumvi, dawa ni kuosha udongo kwa maji mengi. Nasi tulifundisha hivyo kwa muda mrefu. Siku moja tuliuliza katika mtihani mdogo: mkulima wa Sindh ana shamba la ngano, maji ya chini yana chumvi, nayo yako mita moja tu kutoka juu, shamba halina mtaro wa kutolea maji. Afanye nini? Karibu darasa zima lilijibu kwamba aongeze maji, nasi tukawapa alama zote. Baadaye mwanafunzi mmoja alitujia na daftari lake akauliza: maji hayo yakisha kuosha, yanakwenda wapi? Hapo ndipo tulipotambua kwamba tumelipa alama kosa letu wenyewe.

Yafaa mwalimu aanze na asili ya tatizo, maana wanafunzi hudhani kwamba chumvi hiyo imeletwa na mbolea au na bahari. Kabla ya mifereji mikubwa ya wakati wa Waingereza, kama ule wa Lower Chenab uliofunguliwa mwaka 1892 huko Punjab, maji ya chini katika sehemu nyingi zilizo kati ya mito yalikuwa mbali sana na mizizi ya mimea. Mifereji ilipita katika udongo mtupu, haikusakafiwa. Ikavuja mwaka hata mwaka, na kwa kuwa nchi ni tambarare mno, maji yaliyozama hayakupata njia ya kutoka. Huko Sindh mambo yakawa yayo hayo baada ya kizuizi cha Sukkur kufunguliwa mwaka 1932. Maji yalipanda, yakaichukua chumvi iliyokuwa imelala ardhini tangu kale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Pakistan ilianza kazi kubwa ya kuchimba visima vya pampu ili kuyashusha maji hayo, na mwaka 1964 jopo la wataalamu wa Marekani lililoongozwa na Roger Revelle lilitoa taarifa yake juu ya jambo hili. Mahali penye maji matamu chini, kama sehemu nyingi za Punjab, pampu ilifaa mara mbili: ilishusha maji na papo hapo ikanywesha mashamba. Huko Sindh sehemu kubwa ya maji ya chini ni ya chumvi. Ukiyapandisha, huna budi kuyatafutia njia ya kwenda baharini. Mwalimu asiipite tofauti hii haraka, kwa kuwa ndiyo inayobeba jibu la mtihani wetu.

Lakini historia peke yake haimsaidii mwanafunzi aliyezoea kuona maji yakiteremka. Haamini kwamba yanaweza kupanda. Basi tumwulize juu ya utambi wa kibatari, unavyonyonya mafuta hadi kwenye mwali. Aliyekulia mwambao atakumbuka pia ukuta wa nyumba ya mawe unaobanduka chokaa kuanzia chini, ukatoa unga mweupe. Udongo nao una matundu membamba yafanyayo kazi ya utambi: maji hupanda, jua huyageuza kuwa mvuke, chumvi hubaki juu.

Baada ya hapo tufanye jaribio. Vifaa ni makopo matatu yaliyotobolewa chini na kutandikwa kitambaa, udongo tifutifu uliokauka, beseni, na maji yaliyotiwa chumvi ya kupikia. Kopo la kwanza na la pili yawe mafupi. La tatu liwe refu kama mara nne, au tuunganishe makopo kadhaa. La pili tulifunike kwa majani makavu. Yote yasimame katika maji ya chumvi, juani, na beseni liongezwe maji yanapopungua. Baada ya siku kadhaa kopo la kwanza litaanza kuota weupe juu. Lile lililofunikwa litachelewa, na lile refu litachelewa zaidi. (Mchanga mtupu haufai kwa jaribio hili, kwa kuwa hauyapandishi maji mbali. Tulijifunza hayo kwa kupoteza wiki mbili.)

Sasa ndipo lije swali. Mwanafunzi mmoja amwage maji matamu juu ya kopo la kwanza. Weupe utatoweka, na darasa litashangilia. Mwalimu asiseme neno. Aliache kopo pale pale katika beseni, juani, na weupe utarudi. Kisha kopo liinuliwe juu ya beseni tupu, limwagiwe tena maji matamu, na maji yanayochuruzika yakusanywe na kukaushwa katika kifuniko cha bati. Chumvi itabaki katika kifuniko. Wanafunzi waeleze wenyewe ni kipi kilichobadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili.

Ngano yenyewe ni zao lenye uvumilivu wa kadiri. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa jinsi maji yake yanavyopitisha umeme, na kipimo huitwa desisimensi kwa mita. Mavuno ya ngano huanza kupungua chumvi inapopita 6, na kila kipimo kinachozidi hapo hupunguza kama asilimia 7. Shayiri huvumilia hadi 8. Udongo ukiwa na 10, mkulima atapata kama magunia 72 badala ya 100. Hesabu hiyo ni ya udongo unaochuja maji vizuri. Mizizi iliyozama majini hukosa hewa, na mzizi uliokosa hewa hushindwa kuizuia chumvi isipande majanini. Kwa hiyo hasara huwa kubwa kuliko hesabu ya ubaoni. Mche mchanga ndio dhaifu zaidi. Ndiyo sababu penye matuta inafaa kupanda ubavuni mwa tuta, kwa kuwa chumvi hukusanyika kileleni.

Mwanafunzi hodari atauliza kama maji ya karibu hayana faida yoyote. Yanayo. Yasipokuwa na chumvi nyingi, ngano hunywa kutoka chini na mkulima hupunguza zamu za kumwagilia. Lakini mizizi hunywa maji na kuiacha chumvi nyingi mahali pake, hivyo lazima kuwe na msimu wa kuiosha, na mtaro wa kuipokea.

Hatukuwanyang'anya wanafunzi wetu zile alama. Tulirudia swali lile lile baada ya jaribio, tukawataka wachore mshale kuonyesha maji ya kuoshea yanakoishia. Waliochora mshale ukikomea chini ya mizizi walikosa, wakaulizwa wakatazame tena kopo la kwanza.