Vijana Wanapokwenda Misheni: Majibu Kutoka Upande wa Wenyeji

Likizo zikikaribia, wachungaji wa vijijini huanza kupigiwa simu na kamati za vijana za mjini. Wanataka kuja misheni siku tano au wiki moja, na kwaya, vyombo na wahubiri wao. Mimi ni mmoja wa wanaopokea simu hizo. Nahudumu katika vijiji vya Dodoma, ambako basi la vijana kutoka Dar es Salaam au Morogoro likiingia, watoto hulikimbilia kabla halijasimama. Naupenda ujio huo kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo nasema wazi: misheni ni ya kanisa linalowapokea. Yafuatayo ni maswali ninayoulizwa na viongozi wa vijana, wazazi na vijana wenyewe.

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Vijana wetu wengi wana nafasi mwezi Desemba. Tuje wakati huo?

Amina, mwenyekiti. Desemba ni mwezi mwepesi kwenu na mgumu kwetu. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mara nyingi mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Ikishuka ile ya kwanza, kila mwenye nguvu yuko shambani anapanda uwele, mtama au alizeti. Anayechelewa hulipa kwa njaa mwaka unaofuata. Isitoshe, kati ya Desemba na Februari ndipo ghala hukaribia kubaki tupu. Mkifika watu thelathini wakati huo, hakuna atakayewaambia mrudi. Mama wa nyumba mtakayofikia atakwenda kwa jirani kukopa unga, na ninyi hamtajua.

Njooni kati ya Julai na Septemba. Mavuno yameshaingia ndani, barabara zinapitika, watu wana nafasi jioni, na wanavyuo wengi wako likizo.  Ikibidi kabisa kuwa Desemba, njooni wachache, mje na majembe. Asubuhi mkalime shamba la mjane ambaye mwinjilisti atawaonyesha, na ibada iwe jioni. Nimeona timu ya namna hiyo ikisikilizwa kuliko wahubiri wenye spika sita.

Tuanzie wapi kupanga?

Anzeni kwa barua kutoka usharika wenu, ipitie ofisi ya jimbo au dayosisi, imfikie mchungaji mwenyeji. Ndani yake msiandike ratiba. Andikeni swali: mwaka huu mnafanya kazi gani, na sisi tunaweza kushika sehemu ipi? Kisha subirini jibu, hata likichelewa.

Baada ya hapo, watu wawili watangulie, mwezi mmoja au miwili kabla, wakae na mwinjilisti wa mtaa. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) usharika mmoja wa kijijini huwa na mitaa kadhaa, na mchungaji hawezi kuwa kila mahali. Mwinjilisti ndiye anayezika, anayefundisha kipaimara, anayejua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi ina ugomvi wa mashamba. Timu nyingi humsalimia tu pale mwanzoni, kisha zikamweka nyuma ya jukwaa. Hilo linaniuma, maana wao wakishaondoka ni yeye anayebaki na kila neno walilolisema.

Siku hiyo hiyo wale wawili wajitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Kama kutakuwa na mkutano wa hadhara, taarifa ifike polisi mapema, kwa maandishi.

Tukijumlisha kodi ya Coaster, chakula, vyombo na fulana, tunapata mamilioni. Si afadhali tutume hizo pesa?

Wakati mwingine ndiyo, na kamati iwe na ujasiri wa kulisema hilo. Kaeni na mwinjilisti mwenyeji mlinganishe gharama ya safari na posho anayopata kwa mwaka. Hesabu hiyo huwa nzito kuisikia. Kuna mwaka ambao baiskeli tatu na mabati ya nyumba ya mwinjilisti vingefanya kazi kubwa kuliko basi zima la vijana.

Hata hivyo sikubali kwamba pesa inaweza kuchukua nafasi ya watu daima. Kanisa la kijijini linalotumiwa pesa tu hujifunza kuomba. Likitembelewa, linajua kwamba linahesabiwa. Wazee wetu hapa wanaweza kukutajia majina ya vijana waliokaa nao miaka mingi iliyopita, wakala mlenda pamoja, wakawapigia simu baadaye kuuliza habari za mvua. Pesa iliyokuja bila mtu hawaikumbuki.

Ushauri wangu ni kwamba kila shilingi ya safari iwe na mwenzake wa kubaki. Mkichanga kwa ajili ya nauli, changeni kiasi kile kile kwa kazi ambayo mwenyeji ameichagua. Ikishindikana, punguzeni watu. Kumi na wawili wanatosha kabisa. Fulana zenye jina la misheni ziacheni. Mnachokusanya kwa mnada wa mazao baada ya ibada, vitumbua vya Jumapili na bahasha za wazee wa kanisa ni sadaka, na aliyetoa ana haki ya kusomewa matumizi kanisani mtakaporudi.

Pia msituletee nguo zilizochoka, na msije kupaka rangi ukuta ambao vijana wa hapa wangeweza kuupaka wenyewe. Nunueni rangi na muwalipe fundi wa kijijini.

Katika mkutano wetu wa mwaka jana waongofu walijaza fomu nyingi. Sasa mchungaji mwenyeji anasema anaowaona kanisani ni wachache sana. Nini kilitokea?

Hili ndilo swali ninalotaka kila kamati ilikalie usiku mzima.

Wito unapotolewa jioni, wanaotoka mbele si wa aina moja. Wengine ni watoto waliovutwa na taa na muziki. Wengine ni Wakristo wetu waliobatizwa zamani, ambao hutoka kila mkutano kwa sababu wanataka kuombewa ugonjwa au ndoa. Wengine wametoka kwa adabu: mgeni amesafiri kilomita mia nne na zaidi, anawasihi watu waje, na kukaa tu kunaonekana kumvunjia heshima. Na wapo, Mungu ashukuriwe, ambao kweli wameguswa. Fomu haiwatenganishi. Mwinjilisti angewatenganisha, kama angekuwa amesimama pale mbele pamoja nanyi na kama angekuwa na wiki za kuwatembelea.

Afrika Mashariki tuna historia yetu ya ziara fupi zilizozaa matunda, na vijana wengi hawaijui. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuwaka katika miaka ya 1930 ulisambazwa na timu ndogo, wengi wao watu wa kawaida: wauguzi, walimu, wakulima. Mkutano wa Kabale, Uganda, mwaka 1935 ni kati ya ile inayokumbukwa zaidi. Moto huo ulifika Burundi, Kenya na Tanganyika, ukaingia Bukoba na hata huku kwetu Dodoma. Timu zile zilikaa siku chache tu. Lakini nyuma yao ziliacha vikundi vya ndugu waliokutana kila wiki, wakatubu wao kwa wao, wakarudisha vitu walivyoiba, wakasuluhishana. Na wao wenyewe walirudi, mara nyingine na nyingine tena.

Mwekeni karibu nao Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka mwaka 1896 kwenda Boga, katika Kongo ya leo. Alipigwa, akafungwa, akaondoka, akarudi. Alifariki huko huko mwaka 1933, na akaagiza azikwe kichwa kikielekea upande wa msitu ambako kazi ilikuwa haijakwisha. Si kila kijana ataitwa kuishi hivyo. Lakini kila ziara ya siku tano inahitaji mtu wa namna ya Apolo aliyekwisha kukaa pale, na timu ijue iko chini yake.

Kwa hiyo mwaka huu fanyeni hivi. Mikutano iwe siku mbili tu. Siku zilizobaki, vijana wawili wawili waende nyumba kwa nyumba na mzee wa kanisa wa hapa, yeye ndiye abishe hodi, wao wafuate. Majina abaki nayo mwinjilisti, msiondoke nayo kwenda kuyasoma mjini. Na tarehe ya kurudi, hata kama ni watu watatu tu kwa siku mbili, iandikwe kabla hamjapanda basi.

Kijiji tunachokwenda kina Waislamu wengi. Tuhubirije?

Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini yake na wa kuieneza. Uhuru huo ni wa jirani yako pia. Wilayani Kondoa, kwa mfano, utakuta ukoo mmoja una padre, mwinjilisti na ustadhi, na wote wanakula arusi moja. Mhubiri anayekuja kutoka mbali akashika kipaza sauti kudhihaki imani ya wengine anaugawa ukoo huo, kisha anapanda basi. Mihadhara ya namna hiyo imeshaumiza nchi hii, na Kanuni ya Adhabu ina vifungu vya kumshughulikia anayekusudia kuumiza hisia za dini za wenzake.

Mhubirini Kristo, inatosha. Spika zinyamaze wakati wa adhana. Mpitieni shehe wa kijiji kumsalimu, mkiongozwa na mchungaji. Na msimpe mtoto wa mtu pipi ili aingie kwenye hema lenu bila baba yake kujua.

Tubebe chakula chetu?

Leteni mchele, mafuta, sukari na sabuni, mkabidhi kwa akina mama wa jikoni. Kisha kuleni wanachopika. Wale sabini wa Luka 10 waliagizwa hivyo hivyo, na wasihamehame nyumba.

Kwaya yetu ina kinanda na nyimbo mpya. Wenyeji watazipenda?

Watazipenda. Ila hapa ni Ugogo, na Wagogo wana muziki ambao watu huvuka bahari kuja kuusikia: zeze, marimba, ngoma zinazopigwa na akina mama, sauti zinazopokezana. Siku ya kwanza kaeni chini msikilize. Ombeni mfundishwe wimbo mmoja, muuimbe Jumapili, hata mkikosea. Anzeni kwa salamu, "Mbukwenyi!", na mtaona bibi zetu wanavyoinuka.

Shikamoo Mchungaji. Binti yangu ana miaka 16 na anataka kwenda. Nimruhusu?

Marahaba, mama. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo usharika unawajibika kwake kama mlezi. Usimruhusu mpaka uwe na majibu ya maswali haya. Mlezi wa kike ni nani, na atalala nyumba moja na mabinti? Je, kuna kanuni kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto faraghani, akiwemo mhubiri? Gari lina leseni ya kukodishwa kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na dereva atapumzika? Kadi ya bima ipo? Kibali chako kiwe cha maandishi.

Chandarua asiache. Na akirudi nyumbani, hata baada ya wiki mbili au zaidi, akipata homa apimwe malaria siku hiyo hiyo na umwambie mganga alikotoka. Homa ya namna hiyo hudhaniwa ni uchovu wa safari.

Mwambie pia kuhusu simu yake. Watoto wa kijijini wana wazazi. Picha ya mtoto mwenye nguo iliyochanika, iliyorushwa mtandaoni ili watu wa mjini wahurumie, inamfika mama yake, maana hata huku simu zipo. Aombe ruhusa kwanza, na akinyimwa aache.

Mchungaji, nimerudi misheni na sitaki tena kuendelea na chuo. Nataka kuwa mwinjilisti sasa hivi. Nifanye nini?

Mwanangu, namshukuru Mungu kwa ajili yako, na sitauzima moto huo. Maliza mwaka ulioanza. Ongea na mchungaji wako na wazazi, kwa utaratibu, si kwa ujumbe wa simu. Kisha likizo ijayo njoo peke yako, bila kwaya wala basi, ukae kwa mwinjilisti mwezi mzima. Utachota maji, utakwenda msibani, utafundisha watoto watano wa kipaimara chini ya mti, na kuna Jumapili utahubiria watu kumi na wawili. Baada ya mwezi huo, kama bado unataka, dayosisi yako inaweza kukupeleka Mwika, Kilimanjaro, wanakosomea wainjilisti, au baadaye Makumira kwa uchungaji. Na kama utagundua kwamba wito wako ni kuwa daktari au mwalimu, zahanati na shule za huku zina nafasi, na tutakupokea vile vile.