Pikipiki ya Mapigo Mawili Iliyokwisha Tumika



Baada ya msimu uliopita wanachama kadhaa walinunua pikipiki za mapigo mawili zilizokwisha tumika, zile nyepesi zilizotengenezwa kwa njia mbaya na mashindano ya matopeni. Hatuwalaumu, kwani njia za mashambani kwetu ni za vilima na utelezi. Tumeombwa tuandike somo juu ya kuzitunza, na yatupasa kuliandika, kwa kuwa mmoja wetu amekwisha pata hasara ambayo sisi wenyewe tuna sehemu yake.

Mwanachama huyo alitualika tumtazamie pikipiki kabla hajatoa fedha. Ilikuwa Yamaha DT. Tukapiga kiki, ikawaka mara moja. Tukaona kitangi cha mafuta ya injini kimejaa, tukamwambia, "Bwana, chukua." Haikupita nusu mwezi, akiteremka kilima na gunia la makonyo, pistoni ikashika ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likasimama ghafula, naye akatupwa mtaroni akavunjika mkono. Fundi alipoifungua akakuta pampu ya mafuta imezibwa zamani. Aliyekuwa nayo alikuwa akichanganya mafuta kwa mkono katika petroli. Kitangi kilijaa, lakini hakikupeleka hata tone moja. Sisi hatukuuliza.

Yafaa kila mwanachama aelewe kwa nini jambo hili ni kubwa. Injini ya mapigo manne ina mafuta yake chini, na hayo huizunguka daima. Ya mapigo mawili haina. Petroli na hewa hupita kwanza chini ya pistoni, penye mkono wa pistoni na beringi zake, ndipo hupanda juu kuungua. Mafuta yasiyokuja pamoja na petroli hayana njia nyingine ya kufika huko.

Basi ukinunua, uliza kwanza: pampu inafanya kazi, au yachanganywa kwa mkono? Usipopata jibu la hakika, changanya kwa mkono mpaka fundi athibitishe. Fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki. Kikiwa 1 kwa 32, lita 5 za petroli zataka mililita 156 za mafuta. Kikiwa 1 kwa 20, zataka mililita 250. Yawe mafuta ya mapigo mawili hasa. Wako wanaozidisha wakidhani wanaihurumia injini. Hilo ni kosa, kwani mafuta yakizidi, petroli inayoingia hupungua, na petroli ikipungua injini hupata joto. Tena plagi hujaa masizi.

Plagi ndiyo shahidi wa mambo ya ndani. Endesha kwa resi yote mahali palipo salama, kisha vuta klachi na uzime papo hapo, usiiache injini iungurume polepole. Fungua plagi utazame. Rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ni njema. Nyeusi yenye majimaji, petroli au mafuta yamezidi. Nyeupe kama jivu, petroli ni chache, na hapo simama usiendelee na safari.

Kabla hujagusa kabureta, hakikisha hakuna mahali hewa inapopenya. Injini ikikaa inapandisha resi yenyewe na mkono umeachia, tazama mpira baina ya kabureta na silinda, gasketi, na sili za pembeni. Ukitengeneza jeti ili kuficha tundu la hewa, umejidanganya. Palipo sawa, kaza skrubu ya hewa taratibu mpaka mwisho, kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Huo ndio mwanzo, na kutoka hapo utafuta mahali injini inapotulia. Skrubu hiyo na jeti ndogo hutawala mwanzo wa resi tu. Katikati hutawaliwa na sindano: ukiipandisha, petroli huongezeka. Resi ya mwisho ni ya jeti kubwa.

Chujio la sponji lifuliwe kwa maji ya sabuni (si kwa petroli, na wala si karibu na jiko), likauke kabisa, kisha litiwe mafuta yake na kukamuliwa. Katika vumbi la kiangazi kila juma si mara nyingi. Bomba la moshi nalo hujaa masizi. Injini iliyopoteza nguvu bila sababu huenda imezibwa huko.

Katika kuteremka kilima kirefu usifunge resi moja kwa moja, kwani mafuta hupungua pamoja na petroli huku injini ikizunguka kwa kasi. Ifungue kidogo mara kwa mara. Na vidole viwili viwe juu ya klachi daima: ukisikia injini yavuta nyuma au yalia sauti ngeni, ivute mara moja, gurudumu litabaki huru. Hili tungemwambia mwenzetu siku ile, asingevunjika mkono.

Silinda yake ilikuwa ya chuma, ikachongwa na kutiwa pistoni ya ukubwa uliozidi milimita 0.50. Zile zilizopakwa madini magumu ndani hazichongwi hivyo, basi nalo liulize kabla ya kununua.

Kipimo cha mafuta chenye alama za mililita kipo ofisini. Mwenye kukiazima akirudishe siku ile ile.