Baba anasafishwa damu: watoto wafichwe?

SWALI: Figo za mume wangu zimeshindwa kazi, na tangu mwaka jana anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Watoto tumewaambia ni presha tu. Binti yetu wa kidato cha pili amekuwa mkimya na alama zake zinashuka. Mdogo wake wa kiume, miaka 13, siku hizi anarudi nyumbani usiku. Ndugu wanasema nisiwaeleze hadi mitihani ipite. Nifanyeje? – Mama wa wawili, Morogoro.

JIBU: Waeleze, mama, na usingoje mitihani. Ushauri wa ndugu zako ungefaa kama watoto wangekuwa hawajui kitu. Lakini wanamwona baba yao akiondoka nyumbani mara tatu kwa wiki, akikaa kwenye mashine kwa saa nne hivi, kisha akirudi hoi hata kuongea hataki. Wanaona pia unavyompimia maji na kumwondolea ndizi mezani. Asiyejua kwamba figo zikifa maji hujaa mwilini, na kwamba potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama, atamwelewaje mama anayemnyang'anya mgonjwa kikombe? Kijana akikosa maelezo hutunga ya kwake, na mara nyingi anayoyatunga yanatisha kuliko ukweli: labda ugonjwa unaambukiza, labda baba anakufa wiki hii, labda ni mimi niliyemuudhi.

Wataalamu wa Uholanzi waliochambua kwa pamoja tafiti mbalimbali, wakachapisha matokeo mwaka 2010, waliona kuwa watoto wa wazazi wenye maradhi ya kudumu wana matatizo zaidi ya wenzao, hasa yale ya ndani kama huzuni na wasiwasi, kuliko utundu unaoonekana. Ndiyo maana ukimya wa binti yako unanitia shaka kuliko uzururaji wa mdogo wake, ingawa nyumba nyingi zingemkemea huyo wa kiume na kumsifu dada kwa utulivu. Afrika Kusini, Lucie Cluver na wenzake waliwachunguza maelfu ya watoto wakakuta kwamba wale ambao mzazi wao yu hai lakini anaumwa UKIMWI wanateseka kiakili karibu sawa na yatima wa ugonjwa huo. UKIMWI una unyanyapaa wake, kwa hiyo silinganishi moja kwa moja na figo. Lakini umaskini ulikuwa miongoni mwa njia ambazo madhara yalipitia, na huo hata nyumba yako inaweza kuwa inaujua, pamoja na mzigo wa kuuguza.

Nitaambiwa kwamba kumuuguza mzazi ni utu wetu. Ni kweli, na wapo vijana wanaokomaa vizuri kwa kazi hiyo. Ninachouliza ni kiasi, na nani anaibeba. Binti akipika, akafua, akakesha na mgonjwa na bado akawa ndiye unayemweleza madeni ya hospitali, huyo amegeuzwa mzazi wa pili. Mgawie mdogo wake sehemu ya kazi, tena kazi inayojulikana inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Kumwogesha baba aachiwe mwanamume mtu mzima wa ukoo.

Kuna pingamizi jingine zito zaidi: ugonjwa ni wa mumeo, na siri ni yake. Basi anza kwake, na ikiwezekana aseme mwenyewe, wewe ukiwa pembeni. Wakiuliza kama nao wataugua, waambieni kushindwa kwa figo hakuambukizi. Kisukari na presha, ambavyo ndivyo vyanzo vikubwa, hupita zaidi katika baadhi ya koo lakini hupimika mapema. Yapo maradhi machache ya figo ya kurithi, hivyo muulizeni daktari chanzo cha haya. Msiwaahidi kwamba baba atapona.

Norway, tangu mwaka 2010, sheria inamtaka mhudumu wa afya aangalie mahitaji ya watoto wa mgonjwa mwenye maradhi mazito. Sisi tusingoje sheria: siku ya kusafisha damu, mwombe muuguzi au afisa ustawi wa jamii azungumze na vijana wako, na mwalimu wa malezi shuleni apewe taarifa. Binti akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, apelekwe kwa daktari. Akitamka kwamba hataki kuishi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.