Hita ya Gari Inapopuliza Baridi: Maswali ya Kumuuliza Fundi Kabla ya Kulipa

Mtu aliyenunua gari Dar es Salaam aweza kukaa nalo miaka mitatu pasipo kuigusa swichi ya hita. Akihamia Mbebe, wilayani Ileje, mambo hubadilika. Mwezi Juni huingia na baridi yake, ukungu hutanda milimani asubuhi, kioo cha mbele hufunikwa na mvuke kwa ndani, na dereva anapowasha hita hupulizwa na hewa baridi. Akifika gereji huambiwa kwamba rejeta ndogo ya hita imekufa, hivyo dashibodi ni lazima ifunguliwe. Kufungua dashibodi ni kazi ya siku nzima na malipo yake ni makubwa, ilhali mara nyingi kosa liko kwingine.

Hita ya gari haitengenezi joto lake yenyewe. Maji yaliyopashwa na injini hupitishwa kwa mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake, nayo hewa huingia ndani ikiwa na joto. Ndiyo maana hita, tofauti na kiyoyozi, haiongezi ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kuhesabika. Na ndiyo maana hita baridi ni habari ya injini kwanza.

Anza na maji. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta utazame. Usikifungue ikiwa ya moto: maji yaliyo chini ya mgandamizo huruka na kuunguza uso na mikono. Maji yakipungua, hita huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukosa, hata kabla geji ya joto haijapanda. Jaza, kisha utafute yanakopotelea, kwa kuwa maji hayapungui bure. Zulia la abiria likiwa limelowa na ndani kukiwa na harufu tamutamu, hapo rejeta ya hita kweli inavuja. Moshi mweupe usiokoma, au mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa, humaanisha gasketi ya silinda hedi, usiendelee kuliendesha.

Maji yakiwa kamili, washa injini hadi ipate moto, uifungue hita hadi mwisho, kisha uizime injini na kuigusa kwa uangalifu mipira miwili inayoingia ukutani mwa dashibodi. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanafika vema. Kosa ni la kilango cha hewa au waya wake, na matengenezo yake kwa kawaida ni mepesi. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, koki ya hita imefungwa au rejeta yake imeziba kwa kutu. Aghalabu huzibuliwa kwa kusukumiwa maji safi kinyumenyume, bila kununua mpya. Yote miwili ikiwa vuguvugu, geji nayo ikibaki chini safari nzima, shuku themostati.

Hapa inafaa kukawia kidogo. Themostati ni kilango kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa hadi injini ifikie joto lake la kazi, kwa magari mengi kati ya nyuzi 80 na 90. Katika joto la Pwani mafundi wengi huing'oa gari linapochemsha, na gari huuzwa hivyo hivyo bila mnunuzi kuambiwa. Jambo hilo halionekani hadi gari lifike kwenye baridi. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Na katika baadhi ya injini maji hukwepa rejeta kubwa kupitia njia ya pembeni, hata gari likachemsha mlimani licha ya dawa hiyo. Basi swali la kwanza kwa fundi liwe: "Themostati ipo? Nionyeshe." Kipuri hiki ni cha bei ndogo ukilinganisha na kazi ya dashibodi.

Baada ya kujaza maji, fundi atoe hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, maana pofu la hewa pekee latosha kuifanya hita ipulize baridi. Atumie maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, wala si maji ya mtoni. Dawa hiyo nyingi ina ladha tamu nayo ni sumu. Iwekwe mbali na watoto na mifugo.

Dereva anayelala foleni Tunduma akisubiri kuvuka mpaka asijaribu kufidia hita mbovu kwa jiko la mkaa ndani ya kabini. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu na huua mtu akiwa usingizini.

Kabla ya kazi, dai makadirio yaliyoandikwa. Baada ya kazi, dai kipuri cha zamani pamoja na risiti, kisha liendesheni gari pamoja hadi hita ipate moto. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Risiti na kile kipuri cha zamani ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wako.